Kenya inakula, Tanzania inajenga? Hesabu ya matumizi ya mwisho inavyosomwa vibaya

Ukifungua jedwali la Benki ya Dunia linaloonyesha matumizi ya mwisho kama asilimia ya pato la ndani la taifa (GDP), ambalo hapa naliita pato tu, mstari wa Kenya unakaa karibu na 90. Wa Tanzania, katika miaka ya karibuni, uko kwenye theluthi mbili hivi. Pengo la pointi zaidi ya 20 kati ya majirani wanaokula ugali na kuvaa mitumba ya marobota yanayofanana ni kubwa mno kupitwa hivihivi. Kutokana nalo imezaliwa kauli inayorudiwa pande zote mbili za mpaka: Wakenya wanakula, Watanzania wanajenga. Kauli hiyo imebeba ukweli kidogo na makosa mengi, na makosa hayo yana gharama kwa sababu yanaingia kwenye hoja za bajeti, kodi na mikopo.

Matumizi ya mwisho ni jumla ya mafungu matatu: ya kaya, ya taasisi zisizo za kibiashara zinazohudumia kaya (makanisa, misikiti, mashirika ya hisani), na ya serikali. Fungu la serikali ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mshahara wa mwalimu na wa muuguzi umo. Dawa za zahanati zimo, na umeme wa ofisi ya wilaya umo. Riba ya deni la taifa haimo. Fedha za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, kwa kaya maskini, au za Inua Jamii kwa wazee wa Kenya, hazimo pia, kwa kuwa ni uhamisho tu. Zinaingia kwenye hesabu pale aliyezipokea anaponunua unga, na hapo zinahesabiwa kuwa matumizi ya kaya. Reli ya kisasa na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 havihusiki kabisa na fungu hili, kwa sababu ni uwekezaji. Ndiyo maana bajeti inaweza kuvimba kwa riba na ujenzi huku matumizi ya mwisho ya serikali yakibaki palepale. Anayechukua kitabu cha bajeti na kukilinganisha na takwimu za matumizi analinganisha vitu viwili tofauti.

Kwa Kenya fungu la serikali ni asilimia 12 au 13 hivi ya pato, kwa Tanzania karibu 8. Kabla hujasema Nairobi inafuja, angalia mpaka kati ya mfuko wa serikali na mfuko wa mzazi. Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne Januari 2016, na ikaendelea hadi kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003 na masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008. Siku ada inapofutwa, mtoto anakaa darasa lilelile na mwalimu yuleyule, lakini gharama inahama kutoka matumizi ya kaya kwenda matumizi ya serikali. Ukichora mstari wa kaya peke yake utaona kushuka ambako hakuna familia iliyokuhisi kama umaskini. Dawa yake ni kuunganisha matumizi ya kaya na yale ya serikali yanayomfikia mtu mmojammoja, yaani elimu na afya, na kuacha nje yale ya pamoja kama polisi, jeshi na mahakama. Wahasibu wa taifa huita hayo matumizi halisi ya mtu binafsi. Kwa kulinganisha hali ya maisha ya nchi mbili, kipimo hicho ni bora kuliko mafungu mawili yakisomwa kila moja peke yake.

Sasa tuje kwenye fungu la kaya, ambako ndiko penye mzigo mzito na ambako makosa hujificha.

Watu wengi hudhani kuna mtu anayepita kila mwaka akiuliza kila kaya imetumia nini. Tanzania Bara ilifanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi mwaka 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Kenya ilifanya wake mkubwa mwaka 2005/06, kisha ikakaa miaka 10 hadi 2015/16. Katika miaka ya katikati matumizi ya kaya lazima yakadiriwe, na kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kufuata mtiririko wa bidhaa. Chukua sukari. Unaanza na uzalishaji wa viwanda, unaongeza iliyoagizwa, unatoa iliyouzwa nje, unatoa inayokwenda kwenye viwanda vya soda, biskuti na mikate, unatoa iliyoongezeka maghalani. Kinachobaki kimekwenda kwenye kaya. Lakini hicho bado kiko kwa bei ya kiwandani na bandarini. Lazima uongeze kodi, nauli ya lori, faida ya muuzaji wa jumla na ya mwenye duka la mtaani, mpaka ufike kwenye bei anayolipa mnunuzi. Kosa la kawaida ni kutumia viwango vya faida vya miaka kumi iliyopita, wakati usafiri na maduka vimebadilika. Kosa dogo la kiwango likirudiwa katika mamia ya bidhaa linakuwa kubwa.

Njia ya pili ni kuliacha fungu la kaya liwe baki. Tuseme pato ni 100, serikali 13, uwekezaji 20, mauzo ya nje 12 na uagizaji 21. Matumizi ya kaya yanakuwa 100 toa 13, toa 20, toa 12, ongeza 21, yaani 76. Hapo kila kosa la wengine linaangukia kwa kaya. Mtakwimu akigundua kwamba uwekezaji ulikuwa 24, matumizi ya kaya yanashuka hadi 72 wala hakuna aliyeruka mlo. Bidhaa za magendo zikiongeza uagizaji wa kweli hadi 23, matumizi yanapanda hadi 78. Kwa hiyo unaposoma kwamba matumizi ya kaya yamepanda pointi 3 mwaka mmoja, swali la kwanza ni: je, safu ya uwekezaji au ya biashara ya nje imerekebishwa mwaka huohuo? Angalia pia mstari wa tofauti ya kitakwimu, yaani pengo kati ya pato lililohesabiwa kwa uzalishaji na lililohesabiwa kwa matumizi, katika jedwali la pato kwa upande wa matumizi. Kenya huuonyesha waziwazi katika ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka, na naheshimu uwazi huo. Mstari huo ukiwa mkubwa kuliko badiliko unalolishangilia, umeshangilia kelele.

Hapa ndipo pengo la Kenya na Tanzania linapaswa kuchunguzwa. Uwekezaji wa Kenya uko karibu na asilimia 20 ya pato. Wa Tanzania uko karibu na 40. Mwanzoni mwa karne hii pengo hilo halikuwa pana hivi. Sehemu ya upanuzi wake inaonekana kwa macho: barabara, reli, bwawa, majengo ya shule na hospitali. Sehemu nyingine iko viwanjani kwa watu, katika nyumba zinazojengwa taratibu, tofali kwa tofali, kwa miaka kumi.

Nyumba hiyo ndiyo kitendawili cha hesabu nzima. Saruji, nondo na mabati yanayotumika kuijenga ni uwekezaji hata kama mwenye nyumba ni mkulima asiye na akaunti benki. Rangi ya kupaka upya na kubadilisha kitasa ni matumizi. Nyumba ikishakaliwa na mwenyewe, wahasibu wanapaswa kuipa kodi ya pango ya kukadiria, kana kwamba mwenye nyumba anajilipa mwenyewe, na kodi hiyo inaingia katika matumizi ya kaya mwaka baada ya mwaka. Nchi inayohesabu vizuri saruji lakini inakadiria kodi hiyo kwa chini itaonekana inajenga sana na kutumia kidogo, ilhali watu wanaishi ndani ya nyumba hizohizo. Mjini ni rahisi kupata bei za soko za vyumba vya kupanga. Kijijini ambako hakuna anayepanga, mtakwimu hana pa kuchukulia bei, na mara nyingi hutumia gharama ya ujenzi na uchakavu. Kwa nchi mbili zenye idadi kubwa ya wakazi vijijini, uamuzi huo mmoja unaweza kusogeza uwiano wa matumizi kwa kiasi kinachoonekana.

Bodaboda nayo ni hivyohivyo. Pikipiki ya dereva wa kukodiwa ni kifaa cha kazi, kwa hiyo ni uwekezaji. Pikipiki ileile ikinunuliwa na karani wa kwenda nayo ofisini ni matumizi. Hati ya forodha haisemi mnunuzi ni nani, hivyo mtakwimu hugawa kwa uwiano. Nchi mbili zikigawa kwa uwiano tofauti, mzigo uleule wa pikipiki unaonekana kama ujenzi upande mmoja na kama ulaji upande wa pili. Chakula cha shambani, yaani mahindi, ndizi na maziwa yasiyofika sokoni, nacho huhesabiwa kama kimeuzwa na kununuliwa na kaya yenyewe. Bei inayochaguliwa, ya shambani au ya soko la mjini, inabadilisha jumla.

Baada ya vilivyomo, tunafika kwenye bei. Mwaka 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.7 Kenya mwezi Novemba na 19.8 Tanzania mwezi Desemba. Mwenye kuchora matumizi kwa bei za mwaka husika ataona mwinuko mzuri wakati kaya zilikuwa zinapunguza sukari kwenye chai. Kodi nayo inaingia ndani ya bei. Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na Tanzania ilianzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021. Zote mbili huongeza thamani ya matumizi kwa bei za wakati huo bila kuongeza lita wala muamala. Kwa kulinganisha miaka, tumia bei za mwaka mmoja wa kizio, yaani mwaka uliochaguliwa kuwa kipimo cha bei za miaka mingine. Katika hifadhidata ya Benki ya Dunia, jumla ya matumizi ya mwisho kwa bei zisizobadilika inapatikana kwa alama NE.CON.TOTL.KD, na ya kaya kwa kila mtu ni NE.CON.PRVT.PC.KD. NE.CON.TOTL.ZS, ambayo ni asilimia ya pato, ndiyo watu huikimbilia kwanza. Ningeiweka mwisho.

Dola ni mtego mwingine. Kwa wastani wa mwaka, dola moja ilikuwa karibu shilingi 118 za Kenya mwaka 2022 na karibu 140 mwaka 2023. Matumizi yaleyale ya shilingi, yakigeuzwa kuwa dola, yanapungua kwa karibu asilimia 16. Shilingi ya Tanzania katika kipindi hicho haikushuka hata kwa asilimia 5. Aliyelinganisha nchi hizi kwa dola za mwaka husika aliona Tanzania ikiikaribia Kenya kwa kasi, na alichokuwa anakiona ni soko la fedha za kigeni.

Ndiyo sababu kuna ulinganisho wa uwezo wa kununua, unaotokana na Mpango wa Kimataifa wa Ulinganisho, wenye awamu za karibuni za 2011, 2017 na 2021. Ukiutumia, chukua kigeuzi (kiwango cha kubadilishia fedha kinachozingatia bei za kila nchi) cha matumizi ya kaya, usichukue cha pato zima. Kapu la pato zima lina mitambo na saruji pamoja na unga, wakati unachotaka kujua ni bei ya vitu anavyonunua mwananchi. Tena usiunganishe makadirio ya awamu moja na ya nyingine kana kwamba ni mstari mmoja, kwa sababu matokeo ya 2021, yaliyotoka Mei 2024, yalisahihisha viwango vya bei vya nchi nyingi.

Nyufa za mfululizo ziko pia ndani ya kila nchi. Kenya ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009 mwaka 2014, kisha hadi 2016 mwaka 2021. Tanzania ilihama kutoka 2001 hadi 2007 mwaka 2014, kisha hadi 2015 mwaka 2019. Marekebisho ya 2014 yaliongeza pato la kila nchi kwa zaidi ya robo. Ukibandika kitabu cha zamani na kipya, utapata mwaka mmoja wa muujiza. Njia sahihi ni kutafuta mwaka uliomo katika vitabu vyote viwili, kugawa thamani mpya kwa ya zamani, na kuzidisha miaka ya nyuma kwa uwiano huo. Mwaka wa pamoja ukiwa 100 kwa zamani na 125 kwa mpya, kila mwaka wa nyuma unazidishwa kwa 1.25. Fahamu tu kwamba ukiunganisha kila fungu kivyake, mafungu hayatajumlika tena kuwa pato la zamani. Hilo ni kawaida, wala usilazimishe yatoshane.

Idadi ya watu ndiyo inayosahaulika, na kwa jozi hii ya nchi ndiyo inayogeuza hadithi. Sensa za Kenya zilihesabu watu milioni 38.6 mwaka 2009 na milioni 47.6 mwaka 2019. Za Tanzania zilihesabu milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022. Ongezeko la Tanzania ni asilimia 3.2 kwa mwaka, la Kenya takriban 2.2. Tuseme matumizi halisi ya nchi zote mbili yanakua kwa asilimia 5. Kwa kila mtu, Kenya inapata karibu 2.7 na Tanzania karibu 1.7. Baada ya miaka 10 Mkenya ana ongezeko la asilimia 31 na Mtanzania 19, ingawa magazeti ya nchi zote mbili yaliandika asilimia 5 ileile.

Tena kuna Zanzibar. Vitabu vingi vya pato vya Ofisi ya Taifa ya Takwimu vimekuwa vya Tanzania Bara, na Zanzibar ina hesabu zake. Ukichukua matumizi ya Bara na kugawa kwa watu milioni 61.7, umewaingiza Wazanzibari karibu milioni 1.9 kwenye mgawanyo bila kuingiza walichotumia. Kosa ni asilimia 3 hivi. Ni dogo kwa macho, lakini ni kubwa kuliko ukuaji wa mwaka kwa kila mtu tuliouona hapo juu.

Nani basi anatumia zaidi? Mwaka 2023 pato la Kenya lilikuwa takriban dola bilioni 108 na la Tanzania takriban bilioni 79. Kwa uwiano wa asilimia 88 hivi kwa Kenya na theluthi mbili kwa Tanzania, matumizi ya mwisho ni kama bilioni 95 na bilioni 52. Kwa kila mtu, Kenya iko juu kwa zaidi ya mara mbili, wakati kwa pato la kila mtu tofauti ni kama mara 1.6 tu. Hata hivyo, kwa mistari ya umaskini ya nchi zenyewe, Kenya ilipata asilimia 36.1 ya watu maskini mwaka 2015/16 na Tanzania Bara asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Namba hizo mbili hazigombani. Kila nchi ina mstari wake, na dodoso lake. Jaribio lililofanyika Tanzania mwaka 2007 na 2008 liligawa kaya katika makundi yaliyoulizwa matumizi kwa njia 8 tofauti, likaonyesha kwamba njia ya kuuliza peke yake inabadilisha kiasi kinachoripotiwa. Orodha fupi ya vyakula humfanya mhojiwa asahau vingi.

Kuhusu kauli ya kula na kujenga, kipimo kinachoiyumbisha zaidi ni chanzo cha fedha. Diaspora ilituma Kenya dola bilioni 4.95 mwaka 2024, karibu asilimia 4 ya pato. Kwa Tanzania kiasi hicho hakifiki bilioni 1. Fedha hizo hazimo ndani ya pato la ndani, lakini ada na dawa zilizolipwa kwazo zimo ndani ya matumizi. Ukigawa matumizi kwa pato la ndani, Kenya inaonekana inakula zaidi ya ilichovuna. Ukigawa kwa mapato ya taifa yanayoweza kutumika, yenye fedha hizo ndani, 88 inakuwa kama 85. Upande wa Tanzania, dhahabu iko ndani ya pato kwa thamani yake yote, lakini faida ya wenye hisa wa nje haifiki jikoni kwa mtu wa Geita. Pengo linapungua kutoka pande zote mbili, ingawa halifutiki. Sehemu ya linalobaki inatokana na uwekezaji wa serikali uliofanywa kwa mikopo na kodi, na hilo halithibitishi kwamba kaya za Tanzania zina tabia ya kuweka akiba kuliko jirani zao.

Limebaki jambo la mpakani. Gunia la mahindi linalovuka usiku kutoka Tanzania kwenda Kenya bila karatasi halionekani katika mauzo ya nje ya Dodoma wala katika uagizaji wa Nairobi. Tanzania inaona mavuno yake, haioni yakitoka, kwa hiyo gunia linaandikwa limeliwa nyumbani au limo ghalani. Kenya haioni likiingia, kwa hiyo walaji wake wanaandikiwa pungufu. Kosa moja linaongeza matumizi ya nchi moja na kupunguza ya nyingine, hivyo katika ulinganisho linahesabiwa mara mbili. Uganda imekuwa ikifanya utafiti wa biashara isiyo rasmi ya mipakani kwa miaka mingi na kuingiza matokeo katika hesabu zake. Vituo vya mpaka wa Kenya na Tanzania vya Namanga, Holili, Sirari na Horohoro vinahitaji utafiti wa namna hiyo, ukifanywa na ofisi zote mbili za takwimu kwa dodoso moja na katika wiki zilezile, kwa sababu gunia likihesabiwa upande mmoja tu, pengo kati ya nchi hizi halitapimika.